Mtoto Aliyekatazwa na Sheria: Habari za Trevor Noah, Mchekeshaji

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwenye kusoma vizuri na awasomee wenzake kwa sauti, polepole. Maswali ya mazungumzo yako mwisho.)

Fungueni karatasi zenu, na mwenye miwani na aivae, kwa sababu somo la leo ni refu kidogo.

Leo twataka kusoma habari za mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha watu. Jina lake ni Trevor Noah, mtu wa Afrika Kusini. Amechekesha watu katika redio, katika kumbi za michezo na katika televisheni, kwanza kwao, halafu Marekani, mpaka jina lake likajulikana duniani.

Huenda yuko mtu pale nyuma anayenung'unika, "Mimi nimefunga kibanda changu cha samaki nije nijifunze kusoma, nawe waniletea habari za mzaha?" Nung'uniko lako ni la haki, lakini ngoja kidogo. Mtu huyu hakurithi shamba wala duka. Urithi wake mkubwa aliopewa na mama yake ulikuwa vitu viwili: lugha na mazoea ya kusoma. Kwa vitu hivyo alitengeneza kazi yake. Basi habari zake zatuhusu sana sisi tulio darasani.

1. Sheria iliyomkataza

Trevor Noah alizaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984. Siku hizo Afrika Kusini ilitawaliwa kwa siasa ya ubaguzi wa rangi. Makaburu, yaani Wazungu wanaosema lugha ya Kiafrikaans, waliiita siasa hiyo apartheid. Maana yake ni hali ya kutengana.

Chama kilicholeta siasa hiyo kilishika serikali mwaka 1948. Mwaka 1950 ilitolewa sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake. Mwaka huo huo ikatolewa sheria nyingine ya kugawa miji, kila rangi na mtaa wake. Waafrika wengi wa Johannesburg walikaa mbali na katikati ya mji, mahali kama Soweto, na kuingia mjini kwa kazi tu.

Tena ilikuwako sheria ya tangu mwaka 1927 iliyowakataza Mzungu na Mwafrika kulala pamoja. Mwaka 1949 Wazungu walikatazwa pia kuoana na watu wa rangi nyingine yo yote. Aliyevunja sheria hizo aliweza kufungwa.

Sasa sikilizeni. Mama yake Trevor, Bibi Patricia, ni Mwafrika wa kabila la Waxhosa. Baba yake ni Mzungu wa Uswisi. Mwizi aweza kuficha mali aliyoiba, lakini mtoto utamficha wapi? Kila aliyeitazama ngozi ya mtoto huyu alijua mara moja kwamba sheria imevunjwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ndiye ushahidi.

Kwa hiyo wazazi hawakuweza kuishi pamoja mbele ya watu. Mama alipotembea njiani na mtoto, mara nyingine alimwomba mwanamke jirani, ambaye rangi yake ilifanana na ya mtoto, amshike mkono kana kwamba ndiye mama yake. Mama mwenyewe alifuata nyuma kama mtumishi. Mtoto alipopelekwa Soweto kwa bibi yake, alifungiwa ndani, asicheze barabarani na watoto wenzake, kwa kuwa polisi wangemwona.

Trevor Noah husimulia kisa kimoja cha siku hizo. Walikuwa katika bustani ya mji, baba ametangulia mbali kidogo. Mtoto akaanza kumkimbilia huku akiita, "Baba! Baba!" Watu wakageuka kutazama. Baba akaingiwa na hofu, akatoka mbio. Mtoto naye akadhani huo ni mchezo, akazidi kumfukuza.

Watu hucheka wanaposikia kisa hiki. Lakini cheka, halafu fikiri: ni nchi gani hiyo ambamo baba anamkimbia mwanawe kwa kuogopa kufungwa? Hapo ndipo penye siri ya kazi ya mchekeshaji hodari. Kicheko hufungua mlango, na jambo zito huingia nyuma yake.

Sheria hizo mbili za ndoa na mapenzi zilifutwa mwaka 1985. Nelson Mandela alitoka kifungoni tarehe 11 Februari 1990, na uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote ulifanyika mwezi wa Aprili 1994. Trevor alikuwa na umri wa miaka 10.

2. Mama aliyejifunza kabla ya kazi kuwapo

Twendeni nyuma kidogo, tumtazame mama, maana bila yeye hapana habari.

Mwaka 1953 serikali ya Afrika Kusini ilitoa sheria ya elimu ya Waafrika. Nia yake haikufichwa: Mwafrika afundishwe kiasi cha kumtosha kufanya kazi za chini tu. Patricia alikua chini ya sheria hiyo. Alipokuwa mtoto alipelekwa mashambani kukaa kwa shangazi yake. Huko alifanya kazi ngumu, na chakula kilikuwa haba. Lakini alipata bahati moja: alisoma katika shule ya misheni, akajifunza Kiingereza.

Alipokuwa mtu mzima alifanya jambo ambalo majirani waliliona kama wazimu. Alikwenda kujifunza kupiga taipu na kazi za ofisi. Wakati huo ofisi za Wazungu hazikuajiri wanawake wa Kiafrika kwa kazi hiyo. Kazi yao ilikuwa kufagia, kufua na kulea watoto wa wengine. Hebu fikirini: mtu ajifunza kuendesha mtumbwi mahali pasipo na ziwa!

Lakini ziwa lilikuja. Katika miaka ya kwanza ya 1980, serikali, kwa kulaumiwa na nchi za ng'ambo, ililegeza amri chache. Makampuni yakaanza kuajiri Waafrika wachache katika kazi za ofisi. Nafasi zilipofunguka, Patricia alikuwa amekwisha kujua kazi. Akaajiriwa kuwa karani. Wenzake ambao hawakujifunza, kwa sababu hawakuona faida, walibaki nje wakitazama.

Ndugu zangu, mara ngapi mmeulizwa nyumbani, "Kusoma huku uzeeni kutakuletea nini?" Mtu aulizaye hivyo huitazama hali ya leo tu. Patricia hakujua kama mlango utafunguliwa. Alijua jambo moja tu: ukifunguliwa, asiyejua kazi hataingia.

Naye alimlea mtoto wake kwa fikira hiyo hiyo. Fedha zilikuwa chache, lakini vitabu vilikuwamo nyumbani. Mtoto alisoma, na mama akamwuliza amesoma nini na ameelewa nini. Tena mama alihakikisha kwamba lugha ya kwanza ya mtoto ni Kiingereza, kwa sababu ndiyo iliyofungua milango ya kazi na shule. Lakini hakumwacha asijue lugha za watu wake.

3. Lugha nyingi katika kinywa kimoja

Afrika Kusini ina lugha nyingi. Katiba yake ya mwaka 1996 ilizitaja 11 kuwa lugha za serikali, na mwaka 2023 lugha ya alama ya viziwi ikaongezwa kuwa ya 12. Trevor Noah alikua akisikia Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kitswana, Kitsonga, Kiafrikaans na Kiingereza, akajifunza kuzisema. Kijerumani cha upande wa baba yake pia anakifahamu kidogo.

Msione lugha hizo kuwa za mbali sana nasi. Kixhosa na Kizulu ni ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu. Sisi twasema "mtu" na "watu". Mzulu husema "umuntu" na "abantu". Sisi twasema "nyama". Yeye husema "inyama". Tofauti iko katika sauti fulani ambazo hutolewa kwa kugonga ulimi kinywani, kama mtu anayeamrisha punda. Sauti hizo huandikwa kwa herufi c, q na x. Ndiyo sababu jina la Waxhosa lina herufi x, ambayo katika Kiswahili hatuitumii.

Mtoto huyu alihitaji lugha kuliko watoto wengine. Waafrika walimwona kama Mzungu. Wazungu walimwona Mwafrika. Machotara, yaani watu wa damu mchanganyiko, walikuwa na mitaa yao na Kiafrikaans chao, na kwao pia alikuwa mgeni. Basi akagundua jambo: watu humpima mtu kwa ngozi kabla hajasema, lakini akifungua kinywa na kusema lugha yao, hupima upya.

Yeye mwenyewe ameeleza jinsi jambo hili lilivyomwokoa siku moja. Alikuwa kijana, akitembea peke yake njiani. Nyuma yake walikuja vijana wa Kizulu. Akawasikia wakishauriana kwa lugha yao namna ya kumnyang'anya yule "Mzungu" aliye mbele. Hakukimbia. Aligeuka, akawaambia kwa Kizulu chao wenyewe kwamba afadhali waungane wote pamoja, wamtafute mtu mwingine wa kumwibia. Vijana wakashangaa, wakamwomba radhi, wakasema walidhani ni mtu mwingine. Kila mtu akaenda zake.

Kitazameni vizuri kisa hiki. Ngozi yake ilikuwa ile ile dakika moja kabla na dakika moja baadaye. Kilichobadilika ni lugha tu. Na tazameni jinsi alivyoitumia: hakuwasihi, hakuwatukana, aliwatilia mzaha. Hapo alikuwa amekwisha kuwa mchekeshaji, ingawa hakuna aliyekuwa amemlipa.

4. Kutoka redio mpaka televisheni

Mwaka 2002, alipokuwa na miaka 18, alipata nafasi ndogo ya kuigiza katika mchezo wa televisheni wa Afrika Kusini uitwao Soul City, ambao ulifundisha watu habari za afya. Baadaye alikuwa na kipindi katika redio ya vijana, YFM. Kisha akaongoza vipindi mbalimbali vya televisheni.

Huku nyuma alianza kazi iliyompatia jina, yaani kuchekesha akiwa amesimama jukwaani peke yake. Kazi hii si sawa na kuigiza mchezo. Mwigizaji ana wenzake, ana nguo za mchezo, ana maneno aliyoandikiwa. Mchekeshaji wa jukwaani ana kipaza sauti na maneno yake tu. Watu wakicheka, sifa ni zake. Watu wakinyamaza, aibu ni yake peke yake.

Mwaka 2009 alifanya onyesho lake kubwa lililoitwa The Daywalker. Mwaka 2010 akapata kipindi cha televisheni chenye jina lake, Tonight with Trevor Noah. Mwaka 2011 akaenda Marekani. Tarehe 6 Januari 2012 alichekesha katika The Tonight Show, kipindi mashuhuri cha usiku cha huko. Alikuwa mchekeshaji wa jukwaani wa kwanza kutoka Afrika Kusini kupata nafasi hiyo. Mwaka huo huo alionyesha kazi yake katika tamasha kubwa la Edinburgh, Uskoti.

5. Kiti cha Marekani

Huko Marekani kiko kipindi kiitwacho The Daily Show, maana yake kipindi cha kila siku. Kilianza mwaka 1996. Hufanana na taarifa ya habari: mtu ameketi mezani na karatasi, picha za dunia ziko nyuma yake. Lakini habari hizo za kweli husimuliwa kwa mzaha, ili watu waone upumbavu, hila na unafiki uliomo ndani yake. Mwenye kipindi tangu 1999 alikuwa Jon Stewart, ambaye Wamarekani walimpenda sana. Alipotangaza kuondoka mwaka 2015, akachaguliwa Trevor Noah. Alikuwa na miaka 31, na Wamarekani wengi hawakupata kumsikia.

Alianza tarehe 28 Septemba 2015. Kipindi kilitoka usiku, Jumatatu mpaka Alhamisi, karibu nusu saa. Msidhani ni kazi ya mtu mmoja kukaa na kusema lo lote linalomjia. Asubuhi waandishi hukutana, hutazama habari, huchagua zinazofaa. Kisha huandika mizaha, huifuta, huiandika tena. Mchana hufanya mazoezi. Jioni watazamaji huingia na kipindi hurekodiwa. Kesho yake kazi huanza upya, maana mzaha wa habari huchacha upesi kama maziwa. Yaani kicheko cha dakika mbili kina kazi ya siku nzima ya kusoma na kuandika nyuma yake.

Ugeni wake ulikuwa ndio chombo chake. Mwezi wa Oktoba 2015 Donald Trump alikuwa akitafuta kuchaguliwa agombee urais. Wamarekani wengi walisema hawajapata kuona mtu wa namna hiyo. Trevor Noah akawaambia kwamba yeye amewaona wengi. Akaweka maneno ya Trump kando ya maneno ya watawala wa Afrika, akiwamo Idi Amin wa Uganda, jinsi walivyojisifu na kudai kwamba wanapendwa na kila mtu. Wamarekani, waliozoea kuwacheka watawala wa mbali, siku hiyo waliona kioo kimegeuzwa.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga miji, aliendesha kipindi akiwa nyumbani kwake New York. Mchekeshaji bila watazamaji ni kama mpiga ngoma bila wachezaji, lakini aliendelea. Aliacha kipindi hicho tarehe 8 Desemba 2022, baada ya miaka saba.

6. Mzaha nao huumiza

Tusimsifu mtu kama malaika. Alipotangazwa mwaka 2015 kuwa mwenye kipindi, watu walichimba maneno aliyoyaandika miaka ya nyuma, wakakuta mizaha ya kuwadharau wanawake na Wayahudi. Akalaumiwa sana. Yeye akajibu kwamba si haki kumpima kwa mizaha michache isiyofaulu.

Hapa darasa na lifikiri. Utani una mipaka. Mzaha wa kumcheka mkubwa mwenye nguvu na mzaha wa kumcheka mnyonge si mamoja. Wa kwanza humpunguzia mkubwa kiburi. Wa pili humwongezea mnyonge mzigo. Tena neno lililoandikwa halifi. Neno la mdomo laweza kusahauliwa, lakini la maandishi hukungoja.

7. Kicheko cha mama

Mwezi wa Novemba 2016 Trevor Noah alitoa kitabu cha maisha yake. Kinaitwa Born a Crime, maana yake, kwa ufupi, kuzaliwa kwake kulikuwa kosa la jinai. Kitabu kile ni chake, lakini mtu mkubwa ndani yake ni mama.

Humo ameeleza msiba uliowapata mwaka 2009. Baba wa kambo, ambaye mama alikuwa amekwisha kumwacha kwa sababu ya kupigwa, alimpiga mama risasi. Risasi moja ilipita kichwani, lakini haikugusa ubongo. Mama akapona. Mwaka 2011 mahakama ilimtia yule mtu hatiani kwa kujaribu kuua, lakini hakupelekwa gerezani.

Trevor alipokuwa akilia kando ya kitanda cha hospitali, mama alimwambia atazame upande mwema wa jambo lile: sasa, kwa kuwa uso wa mama umeharibika, yeye Trevor ndiye mzuri kuliko wote nyumbani. Mtoto akacheka huku machozi yakimtoka.

Wengi humwuliza mtu huyu alijifunza wapi kuchekesha. Jibu liko kitandani pale. Mama huyu hakucheka kwa sababu maisha yalikuwa mepesi. Alicheka ili uchungu usimtawale.

8. Heshima aliyopata

Tangu mwaka 2021 aliongoza kwa miaka kadhaa sherehe za Marekani za tuzo za Grammy, za wanamuziki. Mwaka 2018 alianzisha mfuko wa kusaidia shule za Afrika Kusini. Mwezi wa Januari 2024 kipindi chake kilipata tuzo ya Emmy.

Lakini heshima moja ina maana ya peke yake. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Erasmus ya Uholanzi, akaipokea mkononi mwa mfalme wa nchi hiyo. Kabla yake mchekeshaji aliyepata tuzo hiyo alikuwa Charlie Chaplin, mwaka 1965. Kumbukeni kwamba lugha ya Kiafrikaans, iliyotumiwa kuandika sheria za ubaguzi, ilitokana na Kiholanzi. Mtoto ambaye sheria ilisema asizaliwe alisimama mbele ya mfalme wa Waholanzi, akapewa tuzo kwa kazi ya maneno.

Nawe msomaji, huenda nyumbani wasema Kisukuma, sokoni Kiswahili, na kwa mgonjwa jirani wajaribu Kihaya. Usione lugha zako kuwa kitu kidogo. Ukiongeza kusoma na kuandika juu yake, una mali ambayo mahakama haiwezi kukunyang'anya. Kazi itakayoihitaji huenda haijatangazwa bado. Jifunze hata hivyo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtoto Trevor alifichwa ndani ya nyumba huko Soweto?
2. Bibi Patricia alijifunza kupiga taipu wakati hakuna kazi hiyo kwa mtu kama yeye. Je, alifanya vema? Toeni sababu.
3. Vijana wa Kizulu walibadili nia yao kwa sababu gani?
4. Ni mzaha gani ufaao, na ni upi usiofaa? Kila mtu na atoe mfano mmoja wa kwao, bila kumtaja mtu jina.
5. Andika mistari mitano juu ya lugha unazozijua, na nani alikufundisha kila moja.

Kwaherini, ndugu zangu. Someni tena somo hili nyumbani, na mkiweza, msomeeni mtoto.